Mahali Nilipooshea Pampu

Kambale wa Daavi Kafui walikufa Jumanne, mia tatu kasoro wachache, wote tumbo juu. Nilimkuta Daavi, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, amesimama ndani ya tangi la saruji, maji magotini, anawazoa kwa kikapu na kuwarusha mchangani. Hakunisalimia.

"Dotse. Umepuliza nini?"

"Wapi?"

"Usiniulize wapi. Kazi yako ni kupuliza dawa kwenye vitunguu vya watu. Jana jioni ndiyo mara ya kwanza kubadilisha maji yote ya tangi, nimefungulia mapya kutoka kisimani kwangu, leo ndiyo haya. Umepuliza nini?"

"Daavi, huku kwenu nimepuliza wiki tatu zilizopita. Na matuta yenyewe yako kule. Kwani dawa ina miguu?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

Nilikuwa na jibu la kihuni mdomoni, nikalimeza. Daavi Kafui alikausha dagaa kwa moshi miaka kumi na tisa mpaka macho yakaanza kumtoka machozi hata akiwa amelala. Wale kambale ndio waliomtoa jikoni. Na kundi la pili alikuwa ameshalilipia: vifaranga mia nane, wanaletwa baada ya wiki sita, siku ya Ijumaa. Akiwatia kwenye maji yale yale wakafa, anarudi kwenye moshi. Hana mpango mwingine.

Mchana Togbi Agbozo, mkuu wa ukoo wetu, akaniita akaniambia nitundike pampu yangu ya mgongoni ukutani mpaka ijulikane kilichoua samaki. Hata hakukaa chini. Alisema akiwa anaelekea chooni.

Senanu, yule fundi wa mota za maji, akaanza kuniita Mvuvi. "Mvuvi, leo umeua wangapi?" Kijana mwenye nguvu zake anakaa hapa kwetu Anloga bila kazi, anaitwa Mvuvi. Nikasema hapana. Nitawaonyesha kwamba sio mimi.

Shule niliacha darasa la sita, sitaki mtu anidhanie mtaalamu. Ila nilijua kitu kimoja. Kwetu kuna ardhi mbili. Kuna udongo wa matuta, mweusi, ambao watu wameulisha mavi ya ng'ombe, mavi ya popo na vichwa vya dagaa tangu enzi za babu zao. Ukiufinya unashikana. Halafu kuna mchanga wenyewe, mweupe, ambao ndio uko kila mahali pengine, kutoka baharini mpaka kwenye ziwa la chumvi. Ukiufinya unakukimbia. Mimi napuliza kwenye ule mweusi tu.

Nikachukua chupa nne za maji za plastiki, nikazikata chini, nikazigeuza, midomo nikaifunga kitambaa. Mbili nikajaza udongo mweusi, mbili mchanga mweupe. Nikachanganya dawa kama ninavyochanganya shambani, nikamimina kikombe kimoja kila chupa, halafu maji, kidogo kidogo, kama mvua ya masika. Yaliyodondoka nikayakinga kwenye makopo.

Sasa utajuaje dawa iko kwenye kopo gani? Haina rangi ikishachanganywa, na harufu inaondoka yenyewe. Nilizunguka na makopo yangu asubuhi nzima kama mwehu. Mwisho nikakaa kwenye karakana ya Senanu, juu ya tairi bovu, na ndani ya tairi kulikuwa na maji ya mvua, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu vinacheza. Nikavitazama. Mdudu si mdudu tu?

"Senanu, naomba viluwiluwi."

"Chukua wote. Kula."

Nikatia kumi kumi kila kopo. Waliotiwa kwenye maji yaliyopita mchanga mweupe, saa moja haikuisha, wamelala chini wote. Waliotiwa kwenye maji ya udongo mweusi walicheza mpaka kesho yake. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Hivyo hivyo.

Nikabeba makopo mpaka kwa Daavi Kafui. Alikuwa anakula akple, ugali wetu, na pilipili ya dagaa, akaendelea kula huku namweleza. Nikamaliza kwa kusema, "Unaona? Dawa yangu inakamatwa na udongo mweusi. Haiteremki."

"Imekamatwa," alisema. "Haya. Mvua ya pili ikija? Na ya kumi? Kitu kilichokamatwa bado kipo."

"Inaisha."

"Nani kakwambia inaisha? Kukamatwa na kuisha ni mambo mawili, Dotse. Mimi mwizi wangu nikimfungia chumbani bado yuko nyumbani kwangu."

Hilo lilinikera, kwa sababu sikuwa nimeliwaza. Nikarudi nyumbani, nikatia dawa kwenye beseni la udongo mweusi na kwenye beseni la mchanga mweupe, nikafunika. Siku ya pili nikachota kidogo kila upande, nikakoroga kwenye maji, nikatia viluwiluwi. Wakafa kote. Siku ya kumi nikachota tena. Kwenye mchanga mweupe wakafa kama mwanzo. Kwenye udongo mweusi wakaishi.

Nilikimbia. Kweli nilikimbia, mtu mzima nimebeba kopo.

"Imeisha! Daavi, kwenye mweusi imeisha!"

Safari hii alinawa mikono, akalishika kopo, akaligeuza geuza kwenye jua. "Imeenda wapi?"

"Sijui. Haipo."

"Kitu hakiwezi kutokuwepo hivi hivi. Imeliwa."

"Na nani?"

"Ninajua mimi? Ila samaki ukimwacha juani siku mbili ananuka, maana kuna vitu vinamla, huvioni. Ukimpitisha motoni, vile vitu vinakufa, samaki anakaa mwezi mzima. Nimefanya hiyo kazi miaka kumi na tisa. Sasa kama udongo wako una vitu vinavyokula dawa, hebu upitishe motoni. Tuone kama bado vitakula."

Mimi ningekaa mwaka mzima nisingefikiria hilo. Nikachukua udongo mweusi, nikaukaanga kwenye kikaango kikubwa cha mama, kile cha kukaangia unga wa muhogo, mpaka ukatoa moshi wa mbolea uliojaa nyumba nzima. Mama alitoka uani ameshika mwiko.

"Dotse! Umekosa chakula mpaka unakaanga mavi?"

"Ni utafiti, mama."

"Utafiti! Hicho kikaango utakila!"

Nililazimika kumnunulia kingine. Lakini udongo ule niliuacha upoe, nikautia dawa na maji kidogo, nikasubiri siku zile zile kumi. Viluwiluwi wakafa. Udongo ule ule, mbolea ile ile, tofauti moto tu. Kwa hiyo kweli kulikuwa na walaji mle ndani, na mimi nilikuwa nimewaua kwa kikaango. Siku hiyo nilikaa muda mrefu nautazama mkono wangu uliojaa udongo. Nimetembea juu ya vitu hivyo maisha yangu yote.

Basi nikawa nimeshinda. Dawa ninayopuliza kwenye matuta inakamatwa, halafu inaliwa. Nikapita mbele ya karakana ya Senanu kifua mbele. Ila Daavi Kafui hakushangilia.

"Nimekubali," alisema. "Sio matuta. Sasa samaki wangu wameuawa na nini? Zimebaki siku ishirini."

Nikachungulia ndani ya tangi tupu. Yeye alikuwa ameshageukia kisima.

"Maji ya kisima changu yanatoka wapi, Dotse? Yanakuja kutoka upande gani?"

Hilo nalo hakuna aliyewahi kuuliza. Kisima ni kisima, unachota. Nikasema nitajua. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwetu ni afadhali ukamatwe na mke wa mtu. Nilimwaga chumvi mchangani.

Watu wa Anloga wanaishi na chumvi pande mbili, bahari huku, ziwa kule, na katikati ndiyo maji matamu kidogo yanayotulishia vitunguu. Chumvi ikigusa tuta, vitunguu vinakuwa njano wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana kwetu mtoto wa miaka mitano anaonja maji anakwambia kama ziwa limesogea. Ulimi wa hapa haudanganywi. Na mimi niliutaka ulimi huo. Nikimwaga chumvi mahali fulani, halafu nikaonja kisima kila siku, nitajua kama maji yanatoka mahali pale na yanatembea kwa siku ngapi.

Tatizo ni kumwaga bila kuonekana. Nikachagua kwenye kisiki cha mnazi, hatua ishirini na mbili kutoka kisima cha Daavi, upande wa baharini. Nikakoroga ndoo mbili za chumvi kwenye maji, nikazimwaga pale mchana kweupe, kidogo kidogo kwa kutumia pampu yangu, niliyoitundua ukutani kwa siku hiyo tu. Watu walipita. "Dotse, habari ya mchana." "Nzuri." Hakuna aliyegeuka.

Siku ya tano Daavi Kafui akanifuma kisimani, nimechovya kidole, nimekitia kwenye ncha ya ulimi.

"Unaonja maji yaliyoua samaki wangu?"

"Natema."

"Anatema. Hongera. Unaonja nini?"

Nikamwambia. Akaangalia kushoto na kulia.

"Ndoo ngapi?"

"Mbili."

"Togbi akijua atakuzika hapo hapo ulipomwagia, na kichwa chini." Halafu akachovya kidole chake, akaonja, akatema. "Bado."

Tangu hapo tukawa tunaonja wote wawili kila asubuhi, tunatema, kila mtu anakwenda zake. Siku ya nane, bado. Siku ya kumi na moja nilidhani nimeisikia, akaniambia ni jasho la kidole changu. Siku ya kumi na tatu alichovya, akafumba macho.

"Leo."

"Mimi sisikii kitu."

"Wewe unavuta sigara. Nimesema leo."

Kesho yake hata mimi nikaisikia. Ndogo, nyuma ya ulimi, ila ipo. Nikaruka ruka pale kisimani kama nimefunga goli. Hatua ishirini na mbili, siku kumi na tatu! Maji yanatembea! Yako chini ya miguu yetu na yanatembea, karibu hatua mbili kwa siku, kutoka kwenye kisiki mpaka hapa!

Daavi Kafui hakuruka. "Kwa nini ulimwaga pale kwenye kisiki?"

"Kwa sababu pale hakuna anayenishangaa. Watu wamezoea kuniona namwaga maji pale."

"Maji gani?"

"Maji ya kuoshea pampu."

Nikasikia nilichosema. Na yeye alisikia.

Kila nikitoka kupuliza, ninasuuza pampu mara tatu na kumwaga. Ningeweza kumwaga popote. Nilichagua pale kwa miaka miwili kwa sababu nilikuwa mwangalifu: sikutaka masalia ya dawa yaguse vitunguu vya watu. Na mchanga mweupe kwetu ndio unaosafisha. Mama yangu anachuja maji ya kunywa kwa mchanga huo, mama wa kila mtu anachuja hivyo. Unachuja tope, kweli. Tope lina mwili, dawa iliyoyeyuka haina. Kwenye makopo yangu mwenyewe nilishaona mchanga mweupe unavyopitisha dawa, nimeona kwa macho yangu, mara tatu, na akili haikwenda kwenye kisiki hata siku moja. Nilikuwa nahangaika kushinda.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Nenda ukaseme kwa Togbi. Leo, sio kesho."

Jioni wazee walikaa, na mimi nikasimama nikaeleza yote, chupa, kikaango, chumvi, kisiki. Nilipofika kwenye chumvi kikao kikachafuka.

"Umemwaga nini?"

"Chumvi, Togbi. Ndoo mbili. Ila nilikuwa nataka kusema kwamba dawa..."

"Chumvi! Kwenye mchanga wa ukoo!"

"Ndiyo, Togbi, lakini dawa ndiyo..."

"Huyu mtoto ana wazimu. Chumvi!"

Nikatozwa kondoo mmoja na chupa mbili za pombe kali ya jini, kwa ajili ya chumvi. Kuhusu dawa iliyoua samaki, mzee mmoja alisema pole kwa Kafui, wakataka kufunga kikao. Daavi Kafui akasimama.

"Wazee wangu, chumvi mtaionja wenyewe, kila mtu hapa ana ulimi. Dawa haionjeki. Kijana ameiosha pale miaka miwili, na maji yanatembea. Mimi nauliza kitu kimoja. Iko wapi sasa hivi?"

Togbi alimwangalia, akaniangalia mimi. "Iko wapi?"

"Sijui, Togbi. Naomba siku moja."

Asubuhi tulikuwa watatu, mimi, Daavi Kafui na Senanu na koleo lake, maana mama yake Senanu ana kisima hatua thelathini mbele ya kile cha Daavi, upande wa ziwani, na usiku ule alikuwa amefanya hesabu na kuacha kuniita Mvuvi. Tukachimba mashimo kila baada ya hatua tano. Kwetu si kazi, ukichimba mpaka mkono unazama begani unakutana na maji. Kila shimo kopo lake, kila kopo viluwiluwi kumi, na tairi la Senanu likabaki tupu.

Kwenye kisiki wakafa upesi, na pale sikuwa nimeosha pampu kwa wiki sita. Chini kule hakuna samadi, hakuna walaji, hakuna jua. Hailiwi; mabaki yake yanavuja kidogo kidogo. Mashimo yote kati ya kisiki na kisima wakafa. Kisimani wakafa. Hatua tano mbele ya kisima, walichoka, wakafa mchana. Hatua kumi mbele wakaishi. Hatua kumi na tano wakaishi. Kisha tukachimba nyuma ya kisiki, upande wa baharini, mashimo matatu. Wakaishi wote.

Senanu alisimama kwenye shimo la hatua kumi, akaangalia miguu yake. "Yaani imeishia hapa?"

"Hapo uliposimama haijafika."

"Kwa nini haijafika? Miaka miwili, hatua mbili kwa siku, si ingekuwa imeshapita kisima cha mama na kuingia ziwani?"

Tulikaa kwenye ukingo wa tangi tupu tukaliwaza hilo. Jibu alilitoa yeye mwenyewe, maana mota ya kisima cha Daavi aliifunga yeye. "Ni mota," akasema polepole. "Daavi anavuta maji kila siku, zamani kuongeza kwenye tangi, sasa kuliosha. Anayavuta kuja kwake. Mota yake ndiyo inayoizuia isipite."

"Basi naizima leo hii," alisema Daavi Kafui.

"Ukizima inaendelea na safari," nikasema. "Kwa mama yake Senanu."

Wote wawili wakaniangalia. Nadhani hapo ndipo Daavi Kafui alipoanza kukasirika kweli, siku arobaini baada ya samaki kufa. "Kwa hiyo nivute sumu yako mpaka nife?"

"Uivute, ndiyo. Ila usiitie kwenye tangi. Tuimwage kwenye udongo mweusi. Tunajenga tuta refu hapa kando, samadi, mavi ya popo, vichwa vya dagaa, chochote kinachonuka, hatupandi kitu. Maji ya kisima hiki yanakwenda huko kidogo kidogo. Udongo unakamata, walaji wanakula. Maji ya samaki tunachimba kisima kipya nyuma ya kisiki, ambako haijafika."

"Samadi anabeba nani?"

"Mimi."

"Kisima anachimba nani?"

"Mimi."

"Na mpaka lini?"

"Sijui, Daavi."

"Angalau hilo umesema bila kuzunguka." Akamgeukia Senanu. "Wewe unachekea nini? Mota ya pili unaifunga wewe. Bure."

Nilibeba samadi siku mbili mpaka bega likachubuka. Togbi alipita akauliza hilo tuta ni la kupanda nini, nikamwambia halipandwi, akaondoka akitikisa kichwa.

Ijumaa vifaranga wakaja kwa pikipiki, kwenye mifuko ya plastiki iliyojaa hewa, kila mmoja mdogo kama kidole cha mwisho. Daavi Kafui hakuwamimina. Alichota beseni moja la maji ya kisima kipya, akahesabu vifaranga kumi, akawatia humo, akavuta kigoda, akakaa. Mimi nikakaa mchangani. Mama alituletea chakula, hatukukigusa. Saa nane mmoja alilala pembeni, nikasogea karibu na beseni. Daavi akamgusa kwa kidole, kifaranga akaondoka mbio. Saa kumi na moja alihesabu kwa sauti. Kumi. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili.

Kisha akasimama, akachukua mfuko wa kwanza, akanikazia macho, akaufungua juu ya tangi lililojaa maji ya kisima kipya.

Sasa ni mwezi wa tano tangu Ijumaa ile. Kambale wana urefu wa kiganja na vidole. Mota ya zamani bado inanguruma, tuta linanuka mpaka barabarani, na kila Jumapili alfajiri natia viluwiluwi kumi kwenye maji ya kisima kile na kukaa navyo. Mwanzoni vilikuwa havimalizi saa moja. Jumapili iliyopita viliishi mpaka saa sita mchana.